Kukusanya na Kuandaa Visukuku vya Matumbawe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kisukuku cha tumbawe ni nini hasa?

Tumbawe hai ni mnyama mdogo laini, polipu, anayejijengea kikombe cha chokaa chini ya mwili wake. Akifa, mwili huoza na kikombe hubaki. Anachookota mkusanyaji ni kikombe hicho, au maelfu ya vikombe vilivyoshikamana kuwa koloni, baada ya kufukiwa katika tope la bahari na kugeuka kuwa sehemu ya mwamba. Karibu yote tunayoyajua kuhusu matumbawe ya kale yamo katika umbo la kikombe: ukuta wa nje, kuta nyembamba za miale zinazotoka pembeni kuelekea katikati, na sakafu za mlalo ambazo mnyama alizijenga moja juu ya nyingine kadiri alivyokuwa akijiinua. Kazi ya kuandaa kisukuku cha aina hii ni kuzifanya kuta na sakafu hizo zionekane bila kuziharibu, na maamuzi mengine yote, ya nini kisafishwe, nini kikatwe na nini kiachwe kama kilivyo, hutokana na lengo hilo.

Je, ni lazima nijue makundi ya matumbawe kabla ya kuanza?

Yako matatu tu yatakayokushughulisha, na kuyajua hukuokoa muda mwingi. Rugosa na Tabulata ni ya kale: yalistawi kuanzia kipindi cha Ordovisi na yakatoweka kabisa mwishoni mwa kipindi cha Permi, miaka milioni 252 hivi iliyopita. Skleraktinia yalijitokeza baadaye, katika kipindi cha Triasi, na ndiyo yanayojenga miamba ya bahari za leo.

Rugosa mara nyingi ni tumbawe pweke lenye umbo la pembe, ingawa yako pia yaliyoishi kwa koloni. Kuta zake za miale ziliongezwa katika sehemu nne tu za kikombe, wakati Skleraktinia huziongeza kwa mafungu ya sita. Tabulata daima ni koloni, vijibomba vyake ni vyembamba, sakafu zake ni dhahiri, na kuta za miale ni hafifu au hazipo kabisa. Favosites, yenye vijibomba vya pembe nyingi vilivyobanana kama sega la nyuki, na Halysites, ambayo vijibomba vyake hujipanga kwa safu zinazopindapinda, ni Tabulata ambazo hata mwanafunzi wa wiki moja atazitambua.

Kuna tofauti nyingine isiyoonekana kwa macho lakini yenye uzito mkubwa mezani. Rugosa na Tabulata zilijenga kwa kalsiti, madini yanayodumu, ilhali Skleraktinia hujenga kwa aragoniti, ambayo baada ya muda huyeyuka au hujigeuza kuwa kalsiti na kufuta maumbo madogo. Ndiyo maana tumbawe la kipindi cha Siluri, lenye umri wa zaidi ya miaka milioni 419, laweza kukuonyesha undani ambao tumbawe la kipindi cha Jurasi, changa kuliko hilo kwa mamilioni mengi, limekwisha kuupoteza. Kwa anayeanza, ningependekeza matumbawe ya kale kwa sababu hiyo peke yake.

Nitajuaje kwamba nilichoshika ni tumbawe na si kitu kingine?

Lowesha jiwe, liegemeze kwenye mwanga wa pembeni, kisha lichunguze kwa lenzi ya mkono inayokuza mara kumi. Unatafuta mambo mawili: vikombe au vijibomba vyenye ukubwa unaolingana, na ndani yake miale au sakafu. Katika Favosites iliyopasuka kwa urefu utaona vijibomba vilivyolala sambamba, kila kimoja kimekatwa na vijisakafu vyembamba kama ngazi, na ukitazama kwa subira ukuta unaotenganisha vijibomba viwili, utakuta safu ya vitundu vidogo mno vilivyokuwa vikiunganisha polipu jirani. Vitundu hivyo vikionekana, shaka imekwisha.

Wanaochanganya zaidi watu ni brayozoa, wanyama wadogo wa majini ambao nao walijenga koloni za vijibomba, lakini vijibomba vyao kwa kawaida ni vidogo zaidi, mara nyingi chini ya nusu milimita, na havina miale. Stromatoporoidi, ambazo leo huhesabiwa miongoni mwa sponji, huonyesha matabaka yaliyobebwa na vinguzo vidogo, bila vikombe. Chaetetes iliwahi kuwekwa kwenye kabati la matumbawe kwa miaka mingi, na siku hizi inahesabiwa kuwa sponji pia, kwa hiyo usishangae ukiikuta na lebo ya zamani yenye jina la kundi lisilo lake. Vipande vya shina la krinoidi, mnyama wa bahari jamaa wa kiti cha pweza, huwa na miale usoni, lakini ni visahani vya mviringo vyenye tundu katikati, na vikivunjika hutoa nyuso bapa zinazometameta.

Nimeokota tumbawe jeupe ufukweni. Je, ni kisukuku?

Pengine siyo. Tumbawe lililokufa karibuni ni jepesi kwa ukubwa wake, vitundu vyake viko wazi, na hunyonya maji haraka. Kisukuku cha kale kwa kawaida ni kizito kama jiwe jingine lolote, kwa kuwa vitundu vimejazwa na madini. Ugumu uko katikati: miamba ya matumbawe iliyoinuliwa juu ya bahari katika enzi ya Pleistosini, yaani enzi ya barafu ya karibuni, kama ile ya Barbados na ya rasi ya Huon nchini Papua New Guinea, ina matumbawe ambayo mengine bado ni aragoniti na hayatofautiani sana na ya leo. Penye shaka liache, kwani nchi nyingi hukataza kuondoa matumbawe ya ufukweni, yawe hai au yaliyokufa.

Yanapatikana wapi?

Popote palipo na miamba ya chokaa au ya tope iliyotandazwa katika bahari yenye joto na kina kifupi. Kisiwa cha Gotland nchini Uswidi kinajulikana kwa matumbawe ya Siluri, milima ya Eifel nchini Ujerumani kwa yale ya Devoni, likiwemo Calceola sandalina, tumbawe pweke lenye umbo la ncha ya kiatu na kifuniko chake. Uingereza ina Siphonodendron na jamaa zake katika chokaa ya kipindi cha Karboni. Kwenye fukwe za Ziwa Michigan, Marekani, mawimbi husukuma nje vipande laini vya Hexagonaria vinavyoitwa mawe ya Petoskey, ambavyo jimbo la Michigan lilivitangaza kuwa jiwe lake rasmi mwaka 1965. Katika ghuba ya Tampa, jimboni Florida, na nchini Indonesia, yako matumbawe ambayo chokaa yake ilibadilishwa na silika, madini magumu ya jamii ya kwazi, mpaka yakawa akiki.

Kwa vitendo, tazama ramani ya jiolojia kabla ya kutazama picha za vielelezo vizuri vya kabatini. Ramani hukuambia tabaka na umri, nawe ukishajua umri unajua kundi la kutafuta.

Je, naruhusiwa kuchukua?

Hili ndilo swali la kwanza kwa umuhimu, hata kama hapa limekuja katikati. Majibu matatu yanahitajika kila mahali: ardhi ni ya nani, sheria ya nchi inasemaje kuhusu visukuku, na eneo lenyewe lina ulinzi maalumu au la. Ruhusa ya mwenye shamba haikupi haki ikiwa sheria ya nchi inavihesabu visukuku kuwa mali ya taifa, na vilevile sheria ikiruhusu, bado huwezi kuingia kwenye machimbo ya mtu bila kibali.

Mifano michache inaonyesha jinsi masharti yanavyotofautiana. Kwenye maporomoko ya mto Ohio, nchini Marekani, ambako mto ukipungua hufunua kitanda kikubwa cha matumbawe ya Devoni, kukusanya kumepigwa marufuku kabisa, unatazama na kupiga picha tu. Wren's Nest, huko Dudley nchini Uingereza, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1956, na nyundo hairuhusiwi. Michigan huruhusu mtu mmoja kuchukua paundi 25 kwa mwaka, yaani kilo 11 na kitu, kutoka kwenye ardhi ya jimbo. Mwaka 2015 idara ya maliasili ya jimbo hilo ililitwaa jiwe la Petoskey lenye paundi 93 kwa sababu lilivuka kiwango hicho.

Nibebe vifaa gani?

Nyundo ya jiolojia, patasi mbili, lenzi, magazeti ya kufungia, mifuko, daftari, penseli, kofia ngumu kwa penye jabali, na miwani ya kinga. Usitumie nyundo ya seremala: chuma chake hakikukusudiwa kupiga jiwe na kinaweza kurusha vibanzi usoni. Hata hivyo nyundo hutumika mara chache kuliko watu wanavyodhani. Matumbawe mazuri zaidi ni yale ambayo mvua na baridi vimekwisha kuyatoa kwenye mwamba, nayo huokotwa kwa mkono kwenye vifusi vya chini, mbali na ukuta wa jabali unaoweza kukuangukia.

Nichukue kiasi gani?

Kidogo. Koloni iliyobaki katika nafasi yake ya asili, imesimama kama ilivyoota, ina thamani kubwa mahali pale kuliko ikiwa vipande sita mfukoni. Chukua vilivyolegea, na kabla ya kukiinua kipande chora mshale wa kuelekea juu ya tabaka, kwa sababu tumbawe lililopinduliwa na dhoruba kabla ya kufukiwa lina habari ambayo hutaipata tena ukishalitia kwenye mfuko.

Nisafishe vipi?

Anza na maji, mswaki wa zamani na subira. Visukuku vingi havihitaji zaidi ya hapo. Kabla ya maji, hata hivyo, hakikisha kisukuku hakina pairiti, madini ya chuma na kiberiti, wala hakijashikwa na udongo unaovimba, maana vyote viwili huharibiwa na maji.

Udongo mgumu uliokwama ndani ya vikombe hulegezwa kwa njia ya zamani ya mafuta ya taa. Kisukuku hukaushwa kabisa, hata siku kadhaa mahali penye joto, kisha hulowekwa katika mafuta kwa saa chache mpaka yaingie kwenye vinyweleo vya udongo. Mafuta humwagwa kwenye chombo cha kutumia tena na kisukuku huwekwa katika maji, na udongo huanza kuvimba na kumomonyoka wenyewe. Ukaukaji ndio siri ya njia hii: kisukuku chenye unyevu ndani hakitapokea mafuta, na kazi yote itakuwa bure. Fanya nje, mbali na moto. Wako wanaotumia vipande vya potashi kali badala yake, na ni kweli hufanya kazi haraka, lakini potashi hiyo huunguza ngozi na hupofusha macho, nami sioni sababu ya mtu wa nyumbani kuigusa.

Kilichobaki hutolewa kwa sindano iliyofungwa kwenye kishikio, chini ya darubini ndogo, ukisukuma kila mara kutoka kwenye kisukuku kuelekea kwenye mwamba.

Je, siki au asidi nyingine itanisaidia?

Kwa matumbawe mengi jibu ni hapana, na hapa ndipo visukuku vingi huharibika. Tumbawe la kalsiti ndani ya mwamba wa chokaa ni kitu kilekile na mwamba wake kikemia, kwa hiyo asidi haichagui. Italamba miale myembamba kabla ya kumaliza mwamba mnene. Hata siki ya jikoni, ambayo ni asidi ya asetiki ya asilimia tano hivi, hufanya uso uwe na ukungu na vishimo kwa muda mfupi.

Asidi ina kazi pale tu ambapo silika imechukua nafasi ya chokaa ya tumbawe huku mwamba ukibaki chokaa. Kujua hilo ni rahisi. Kwaruza sehemu isiyoonekana kwa ncha ya kisu cha chuma: kalsiti, yenye ugumu wa 3 katika kipimo cha Mohs, hukwaruzika mara moja, wakati silika, yenye ugumu wa 7, hukikwaruza kisu chenyewe na kuacha mstari wa kijivu. Kisha dondosha tone la asidi dhaifu kwenye mwamba na jingine kwenye kisukuku. Mwamba ukitoa povu na kisukuku kikanyamaza, unaweza kuendelea.

Tumia asidi ya asetiki au ya haidrokloriki iliyopunguzwa hadi asilimia 5 au 10, katika ndoo ya plastiki, mahali penye hewa, ukiwa na glavu na miwani ya kinga. Daima mimina asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi kali. Kazi inaweza kuchukua siku au wiki, na kila baada ya muda toa kisukuku, kioshe, kikague, na uzipake gundi ya akriliki sehemu nyembamba zilizofichuka ili zisivunjike kwa uzito wake. Mwisho wa yote loweka katika maji safi yanayobadilishwa kila siku, kwa muda usiopungua ule kisukuku kilioukaa katika asidi. Anayeruka hatua hii huona unga mweupe wa chumvi ukichipuka kabatini miezi michache baadaye.

Je, lazima ninunue kalamu ya hewa?

Hapana. Kalamu ya kuchonga inayoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa ni chombo kizuri kwa trilobiti, wanyama wa bahari wa kale wenye gamba la pingili, ambao ngozi yao huachana na mwamba kwa urahisi. Tumbawe halina uso wa namna hiyo: vikombe vyake vimejazwa na mwamba uleule uliokizunguka kisukuku, na ncha inayotetema huingia ndani ya miale bila kukuonya. Mashine ya kupuliza unga laini, kama wa dolomiti au baikaboneti ya sodiamu, hufaa zaidi kwa kusafisha vikombe vilivyojaa tope laini, ila gharama yake, pamoja na kompresa na kisanduku cha kuzuia vumbi, si ya kuanza nayo.

Kukata kisukuku si kukiharibu?

Wengi huuliza hivi kwa uchungu, na ni haki yao, lakini kwa matumbawe nadhani uchungu huo umewekwa mahali pasipo pake. Uso wa nje wa Rugosa wenye umbo la pembe husema machache mno. Spishi mbili tofauti kabisa huweza kuwa na pembe zinazofanana. Majina yametengenezwa kwa kutazama ndani, na asiyekata atabaki kuandika "tumbawe pweke" kwenye lebo zake zote. Ukiwa na vielelezo kadhaa vya aina moja kutoka tabaka moja, toa kimoja kikatwe, ukipige picha kwanza kikiwa kizima.

Mikato miwili inahitajika: mmoja wa kukata kikombe kwa mlalo, karibu na ukingo wa juu lakini chini ya shimo la kikombe, ili miale ionekane yote, mwingine wa urefu, unaopita katikati hasa, ili sakafu zionekane. Mkato wa urefu ukienda kando kidogo tu utazikosa sehemu za katikati zinazotenganisha jenasi moja na nyingine, basi chora mstari kwa penseli na usiuamini mkono peke yake. Msumeno wa almasi unaopozwa kwa maji ndio unaofaa.

Baada ya kukata, sugua uso kwa msasa wa maji namba 220, 400 kisha 600. Sasa waweza kutengeneza nakala ya plastiki, njia ambayo wataalamu wameitumia kwa miongo mingi na ambayo ni rahisi kuliko kusaga kipande cha jiwe hadi unene wa milimita 0.03 kinachohitajika kwa darubini. Tumbukiza uso katika asidi ya haidrokloriki ya asilimia tano kwa sekunde kumi hadi ishirini, suuza bila kuugusa kwa kidole, ukaushe, mwagia asetoni, na mara moja laza karatasi nyembamba ya asetati ukianzia upande mmoja ili hewa isinaswe. Plastiki hulainika na kuingia katika kila kishimo kilichoachwa na asidi. Iache ikauke vizuri kisha ibandue polepole: kila mwale na kila sakafu itakuwa imeandikwa juu yake, nawe utaiweka kati ya vioo viwili na kuisoma kwa darubini. Asetoni hushika moto upesi, kwa hiyo dirisha liwe wazi na jiko liwe limezimwa.

Nataka king'ae. Nifanyeje?

Endelea na msasa wa 1000 na zaidi, kisha malizia kwa unga wa oksidi ya alumini au ya seriamu juu ya kitambaa kizito chenye maji kidogo. Jiwe la Petoskey ni la kalsiti na hung'arishwa kwa mkono jioni moja. Tumbawe la akiki linahitaji mashine. Usihamie msasa laini kabla mikwaruzo ya ule uliotangulia haijaisha yote, kwa sababu hutaiondoa baadaye. Ng'arisha upande mmoja tu na uuache mwingine ulivyo.

Nipake vanishi au mafuta?

La. Vanishi hugeuka manjano, mafuta hunasa vumbi, na vyote huzuia uchunguzi wa baadaye.

Vumbi lina hatari gani?

Vumbi la silika huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Kata na usugue kwa maji kila inapowezekana, na penye vumbi kavu vaa barakoa yenye kichujio cha chembe ndogo, kwani kitambaa cha kawaida hakitoshi.

Kisukuku kimevunjika. Nitumie gundi gani?

Paraloid B-72, plastiki ya akriliki inayoyeyushwa katika asetoni, ndiyo chaguo la makumbusho mengi kwa sababu inaweza kuondolewa tena kwa asetoni ileile. Ikiwa nyepesi hutia nguvu sehemu zinazomomonyoka, ikiwa nzito huunganisha. Supagluu hufaa kwa dharura uwandani, na epoksi kwa mawe mazito tu, ukijua kwamba haitatoka.

Lebo iandikwe nini?

Mahali kwa viwianishi, jina la tabaka na umbali wake kutoka tabaka linalotambulika, tarehe, na jina la aliyeokota. Jina la kisukuku ni la mwisho, maana hilo laweza kupatikana baadaye na yeyote, ilhali mahali pakisahaulika hakuna mtaalamu atakayeparudisha. Paka doa dogo la rangi nyeupe upande usio na umuhimu, andika namba kwa wino wa kudumu, na namba hiyohiyo iwe kwenye daftari. Karatasi peke yake haitoshi, kwani hutengana na jiwe lake siku ya kwanza ya kuhama nyumba.

Nihifadhi wapi?

Mahali pakavu, katika visanduku vya kadibodi isiyo na asidi au vya plastiki. Droo za mwaloni hazifai, kwa kuwa mti huo hutoa mvuke wa asidi ambao hushambulia chokaa na kuacha unga mweupe juu yake. Visukuku vyenye pairiti viwekwe kwenye unyevu wa hewa ulio chini ya asilimia 50. Ukisikia harufu ya kiberiti au ukaona unga wa manjano, kitenge kisukuku hicho na vingine siku hiyohiyo.

Ni kweli kwamba tumbawe linaweza kuhesabu siku?

Ni kweli, kwa kiasi. Juu ya ngozi, yaani uso wa ukuta wa nje, ya baadhi ya matumbawe iko mistari laini inayodhaniwa kuwa ya ukuaji wa kila siku, iliyomo ndani ya mikanda mipana ya kila mwaka. Mwaka 1963 John Wells, mtaalamu wa visukuku wa Marekani, alihesabu mistari hiyo katika matumbawe ya Devoni na kupata takriban 400 kwa mwaka, jambo linalopatana na hesabu ya wanaastronomia kwamba msuguano wa maji kujaa na kupwa umekuwa ukipunguza mwendo wa dunia kujizungusha, hivyo siku za zamani zilikuwa fupi. Mistari hiyo hubaki tu kwenye vielelezo ambavyo ngozi yake haijasuguliwa na mawimbi, wala na mswaki wa mkusanyaji. Ukikuta Rugosa yenye mistari laini ya kuzunguka pembe, isafishe kwa maji na brashi ya rangi pekee.

Naweza kusafirisha au kubadilishana na watu wa nchi nyingine?

Mkataba wa CITES, wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unaorodhesha Skleraktinia zote katika Kiambatisho cha II, lakini unaeleza kwamba visukuku havihusiki. Hata hivyo nchi nyingi zina sheria zao za kuzuia visukuku kutoka, na afisa wa forodha hana wajibu wa kutambua Favosites kwa macho. Andika kwenye kifurushi kundi, umri na tabaka, na uambatanishe kibali cha nchi kilikotoka pale kinapohitajika.

Nipige picha vipi?

Uso uliong'arishwa huonekana vizuri ukiwa umelowa, kamera ikitazama chini moja kwa moja na taa ikiwa pembeni ili mng'ao usirudi kwenye lenzi. Uso wa asili hupigwa ukiwa mkavu, kwa taa moja kutoka juu kushoto, ili kina cha vikombe kionekane. Makumbusho hupaka kwanza tabaka jepesi mno la kloridi ya amonia linaloufanya uso wote uwe mweupe na kuficha madoa ya rangi. Moshi wake ni mkali, na tabaka hilo lioshwe mara baada ya picha. Weka kipimo cha sentimita kando ya kila kielelezo, na namba yake pia iwe ndani ya picha.